Faili za Watu wa Wajir, Kutoka Daftari la DC hadi Kompyuta

Waingereza walifungua kituo cha utawala kwenye visima vya Wajir mwaka 1912, na pamoja na bendera na askari likaja daftari. Humo afisa wa wilaya, yaani DC, aliandika aliyohitaji kuyajua ili atawale: koo zinazonywesha mifugo kwenye visima fulani, wazee wanaosikilizwa, faini za ngamia, watu waliovuka mpaka bila ruhusa. Alipohamishwa alimwachia aliyemrithi ripoti ya makabidhiano, naye akaendelea kutoka hapo. Eldas, ambayo leo ni eneobunge la Kaunti ya Wajir lenye wadi za Eldas, Della, Lakoley South/Basir na Elnur/Tula Tula, iliingia katika karatasi za serikali kwa njia hiyo, ikiwa malisho na visima vilivyotajwa katika faili iliyokaa kwingine. Mfugaji hakufungua faili. Alifunguliwa.

Sehemu kubwa ya karatasi hizo ingalipo. Zimehifadhiwa Nairobi katika Nyaraka za Kitaifa, taasisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1965, chini ya alama kama DC/WAJ kwa wilaya ya Wajir na PC/NFD kwa eneo zima lililoitwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini. Anayezisoma husikia sauti ya upande mmoja: afisa anaeleza, mfugaji anaelezwa. Faili nyingine hazikuachwa nchini. Kabla ya uhuru wa 1963 Waingereza walisafirisha kwao faili za Kenya zipatazo 1,500, na hawakukiri kwamba wanazo hadi mwaka 2011, wazee walioteswa wakati wa vita vya Mau Mau walipokuwa wameishtaki serikali ya Uingereza mahakamani London. Zilikutwa Hanslope Park, katika jengo la serikali lenye ulinzi mkali.

Kabla ya daftari la DC, na hata baada yake, Wasomali wa Wajir walikuwa na kumbukumbu zao. Mtoto alifundishwa nasaba: jina lake, la baba, la babu, na kuendelea juu hadi mzee aliyeanzisha ukoo. Nasaba hiyo ndiyo iliyoonyesha nani anachangia diya, yaani fidia ya damu, nani ana haki ya kisima, nani anaweza kuoa wapi. Maandishi nayo yalikuwepo katika duksi, yaani chuo cha Kurani. Mwanafunzi alishika ubao mrefu wa mti, loox kwa Kisomali, akachovya kijiti kilichochongwa katika wino wa mkaa, akaandika aya alizosomewa na mwalimu. Alizirudia kwa sauti hadi azihifadhi, ndipo ubao ukaoshwa kwa maji ili upokee aya zinazofuata. Maandishi yalifutwa baada ya kuingia kichwani, na hakuna kilichopotea. Duksi za namna hiyo zinaendelea hadi leo katika vijiji vya Eldas.

Daftari la serikali lilikuwa na kazi nyingine, nayo ilikuwa kuzuia. Sheria ya wilaya za pembezoni ya mwaka 1902 iliipa serikali uwezo wa kufunga eneo, na mwaka 1926 Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ikafungwa kwa mujibu wake: hakuna aliyeingia wala kutoka bila kibali cha maandishi. Sheria ya wilaya maalumu ya mwaka 1934 iliongeza nguvu za maafisa juu ya watu na mifugo, ikawaruhusu waziwekee koo mipaka ya malisho. Hapo orodha ya koo ikawa orodha ya mahali mtu anaporuhusiwa kulala. Aliyeandikwa chini ya ukoo fulani akikutwa na ngamia wake upande usio wake, alitozwa faini kwa kosa la kuvuka mstari ambao ngamia hauoni.

Kwingineko nchini, katika nyanda za juu na miji ya reli, Mwafrika mwanamume alibeba kipande. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia: karatasi yenye alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara, ikiwa ndani ya kijaluba cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Kuhusu Wasomali serikali ilijikanganya yenyewe. Mwaka 1919 ilipitisha sheria ya kuwasamehe baadhi yao, wenye elimu na mali, wasihesabiwe kuwa wenyeji kwa mambo fulani. Katika miaka ya 1930 Wasomali wa ukoo wa Isaaq walioishi Nairobi na Isiolo walidai watozwe kodi ya juu waliyotozwa Waasia, kwa kuwa risiti ya kodi hiyo ilikuwa ushahidi wa hadhi yao. Kwa hiyo mtu huyohuyo aliweza kuwa mwenyeji katika faili moja na mgeni katika nyingine, na kila afisa akafungua ile iliyomfaa siku hiyo. Kipande cha Waafrika peke yao kilikoma mwaka 1947, usajili ulipoelekezwa kwa watu wa rangi zote. Mkanganyiko wa Wasomali haukukoma nacho.

Miaka ya uhuru iliuzidisha. Tume iliyotumwa na Uingereza mwaka 1962 iligundua kwamba wengi katika maeneo ya Wasomali walitaka kujiunga na Somalia. Mwaka 1963 London iliamua wabaki Kenya katika mkoa mpya wa Kaskazini Mashariki, na wakazi wakaususia uchaguzi wa Mei mwaka huo. Vita vya Shifta vilianza, hali ya hatari ikatangazwa Desemba 1963, na ingawa makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967 yalivimaliza vita, sheria za hali ya hatari zilidumu hadi 1991. Katika miaka hiyo yote swali la kwanza la afisa wa serikali kwa kijana wa Wajir lilihusu kitambulisho.

Februari 1984 ilionyesha gharama ya kutoandikwa. Katika operesheni ya kunyang'anya silaha, wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa kutoka Wajir na vijiji vya karibu, wakapelekwa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla na kuzuiliwa kwa siku kadhaa juani bila maji. Wengi waliuawa. Serikali ilisema waliokufa ni 57. Mwaka 2000 ilikiri bungeni kwamba ni 380. Manusura na jamaa wanasema ni maelfu. Waliotafuta maiti porini, kuwatibu majeruhi na kukusanya ushahidi walikuwa watu wa Wajir wenyewe pamoja na Annalena Tonelli, Mwitaliano aliyekuwa akitibu kifua kikuu mjini humo, ambaye baadaye alifukuzwa nchini. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyopokea taarifa zaidi ya 40,000 kutoka kote nchini, iliyaandika mauaji hayo katika ripoti yake ya Mei 2013. Miaka 29 ilikuwa imepita. Dola iliyojua kuhesabu ngamia wa faini haikuwa na orodha ya watu iliowazuilia.

Karibu miaka sita baada ya Wagalla, orodha ikaja kwa nguvu. Novemba 1989 serikali iliwaamuru Wasomali wote wa Kenya waliotimiza umri wa miaka 18 wajitokeze kupigwa msasa. Mtu alifika mbele ya jopo la maafisa na wazee akiwa na kitambulisho chake cha kitaifa, na kitambulisho hicho hakikutosha. Aliulizwa ukoo, ukoo mdogo, jilib (tawi dogo zaidi la ukoo), jina la babu, chifu wake, mahali alipozaliwa, mahali anaponywesha mifugo. Mzee wa ukoo alimtambua au alimkana. Aliyetambuliwa alipewa kadi ya pili, ya rangi ya pinki, na tangu hapo akatakiwa kuonyesha kadi mbili pale Mkenya mwingine alipoonyesha moja. Nasaba, ambayo kwa vizazi ilikuwa njia ya mtu kujieleza kwa ndugu zake, ikageuzwa mtihani wa uraia. Lilikuwa kosa kubwa, na lilifanywa kwa fomu na muhuri, kwa utaratibu kamili.

Wakati kadi za pinki zikigawiwa, utunzaji wa orodha duniani ulikuwa ukihamia kwenye kompyuta. Tarehe 18 Desemba 1987 Mmarekani Larry Wall alitoa lugha ya programu iitwayo Perl, aliyoitunga ili kuchota habari zilizotawanyika katika faili nyingi na kuzigeuza ripoti. Toleo la tano, la mwaka 1994, ndilo lililoenea na ndilo msingi wa Perl inayotumika hadi leo. Mwanafunzi wa Perl hufundishwa mapema namna ya kuunda faili na kuiandika. Hatua hizo zinastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu zinaweka wazi uamuzi ambao katika afisi ya usajili hufanyika nyuma ya kaunta.

Kwanza faili hufunguliwa kwa amri ya `open`, ikitajiwa mambo matatu: jina la kishikio ambacho programu itatumia, alama ya namna ya kufungua, na jina la faili. Mfano wake ni `open my $daftari, '>', 'eldas.txt' or die $!;`. Faili isipokuwepo, huundwa papo hapo. Maneno ya mwisho huiamuru programu isimame na kutaja sababu iwapo faili haikufunguka, pengine kwa kuwa folda haipo au mwandishi hana ruhusa. Yakiachwa, programu huendelea kana kwamba inaandika, na hakuna kinachohifadhiwa. Pili ni kuandika: `print $daftari "Amina Abdi Ali\n";`, ambapo `\n` humaliza mstari ili jina linalofuata lisigande na la kwanza. Tatu ni kufunga kwa `close $daftari;`, maana maandishi husubiri kwanza kwenye kumbukumbu ya muda ya mashine, na kufunga ndiko kunakoyasukuma yatoke huko kwenda kwenye diski.

Uzito wa jambo zima uko kwenye ile alama ya katikati. Alama `'>'` huandika upya. Ikielekezwa kwenye faili yenye majina maelfu, huyafuta yote mara tu faili inapofunguka, kabla jina jipya halijaandikwa, kama ubao wa duksi unavyooshwa, ila hapa hakuna mwanafunzi aliyehifadhi. Alama `'>>'` huongeza: jina jipya hukaa mwisho, ya zamani hayaguswi. Alama `'+<'` hufungua faili iliyopo ili isomwe na kurekebishwa mahali palepale, nayo ndiyo ngumu kuliko zote, kwani jina sahihi likiwa refu kuliko lenye kosa humwagikia mstari wa jirani. Wazoefu huandika nakala mpya yenye masahihisho, wakaikagua, kisha wakaiweka mahali pa ile ya zamani kwa amri ya `rename`, huku ya zamani ikitunzwa kando. Makarani wawili wakiandika faili moja kwa wakati mmoja, `flock` humzuia mmoja amsubiri mwenzake. Kusahihisha kunataka kazi zaidi kuliko kufuta au kuongeza, na asiyeipangia kazi hiyo tangu mwanzo huikosa. Orodha za watu wa Kaskazini Mashariki zinathibitisha hivyo.

Mojawapo ya orodha hizo kubwa ilifunguliwa katika kambi za wakimbizi za Dadaab, Garissa. Kambi ya Ifo ilianza mwaka 1991, Dagahaley na Hagadera zikafuata 1992, zote zikikusudiwa wakimbizi 90,000 wa vita vya Somalia. Kufikia ukame wa 2011 waliosajiliwa walikuwa zaidi ya 400,000. UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, iliandika familia, ikatoa kadi ya mgao, na kadi hiyo ikaleta unga, mafuta, matibabu na shule. Mfugaji wa Garissa au Wajir aliyemaliziwa mifugo na ukame uleule hakuwa na kadi wala mgao. Wengi walifanya ambalo mzazi yeyote angefanya: walijiandikisha, au waliwaandikisha watoto wao, wapate kula. Katika miaka hiyo alama za vidole zikaanza kuchukuliwa, na mwaka 2013 zikawa sharti la kupokea chakula kambini.

Mtoto aliyeandikwa akiwa na miaka mitano alipofikisha 18 alikwenda kuomba kitambulisho akiwa na cheti cha shule na barua ya chifu. Vidole vyake vilipolinganishwa na orodha ya wakimbizi, mashine ilimtambua, na ombi likaishia hapo. Haki na Sheria, shirika la Garissa linalowatetea watu wa namna hii, limekadiria kwamba wasiopungua 40,000 wamekwama katika usajili huo maradufu. Bila kitambulisho hakuna kazi ya mshahara, laini ya simu kwa jina lako, kura, wala safari ya amani kupita vizuizi vya barabarani. Faili iliyowaandika ilifunguliwa kwa kuongeza tu, na haikuwekewa njia ya mtu kurudi na kusema yeye ni Mkenya aliyekuwa na njaa.

Tahajia nayo ina hesabu yake ya watu iliowapoteza. Msomali hana jina la ukoo la kurithiwa kama la Wazungu. Ana jina lake, la baba na la babu, na majina yenyewe yanajirudia, hata darasa moja likawa na Mohamed Abdi watatu. Tangu 1972 Somalia huandika Kisomali kwa herufi za Kilatini zenye kanuni zake: Xasan, Cali, Maxamed. Karani wa Kenya aliandika Hassan, Ali, na Mohamed, Mohammed au Muhammad kadiri kalamu ilivyomwelekeza. Mtu anayejua jina lake vyema hupatikana kwa sura tatu katika cheti cha kuzaliwa, cha shule na kitambulisho, na kompyuta, inayolinganisha herufi kwa herufi, huwaona watu watatu. Dawa ya kiufundi si ngumu. Perl ilipata sifa kwa kutafuta maandishi kwa ruwaza, na mistari michache huiamuru ihesabu Xasan na Hassan kuwa jina moja na kumwachia binadamu amalizie uamuzi. Kinachohitajika ni mtu anayeujua usemi wa mahali hapo awe mezani programu inapoandikwa.

Orodha nyingine ziliwatendea watu wema zaidi. Mpango wa Hunger Safety Net ulioanza miaka ya 2008 na 2009 katika Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera uliingia awamu ya pili mwaka 2013 ukiwa umeandikisha karibu kila kaya ya kaunti hizo. Kaya zipatazo 100,000 zilizo maskini kabisa zililipwa kupitia akaunti za benki, na kiwango kikafikia shilingi 5,400 kila miezi miwili. Nyingine zilibaki kwenye orodha zikingoja: picha za setilaiti zilipoonyesha malisho yamekauka, malipo yaliweza kuzifikia bila usajili mpya. Familia ya Eldas iliweza kupata fedha kabla ngamia wa mwisho hajafa. Hata hivyo akaunti ilitaka mwenye kitambulisho, na nyumba isiyo na hata kimoja ilirudi kwenye tatizo lilelile.

Sensa ya 2009 ilikwenda kinyume. Agosti 2010 Waziri wa Mipango Wycliffe Oparanya alitangaza kufuta matokeo ya wilaya nane, yaani Lagdera, Wajir Mashariki, tatu za Mandera na tatu za Turkana, akisema ongezeko la watu lilizidi kiasi. Huenda palikuwa na hesabu za kutiliwa shaka. Lakini watu wa wilaya nzima walihesabiwa, wakafutwa kwa tangazo moja, wenye makosa na wasio nayo, ilhali idadi hizo ndizo zinazogawa fedha na viti vya bunge. Eldas yenyewe ilikatwa kutoka Wajir Magharibi katika ugawaji mpya wa maeneobunge 290 chini ya Katiba ya 2010, ikachagua mbunge wake wa kwanza mwaka 2013 kwa daftari la wapiga kura la alama za vidole. Mwaka 2022 upigaji kura huko uliahirishwa kutoka Agosti 9 hadi 10 kwa ajili ya ukosefu wa usalama.

Mwaka 2019 serikali ilijaribu kuzikusanya faili zote katika moja, Huduma Namba. Mahakama Kuu iliamua Januari 2020 kwamba mpango usiendelee bila sheria madhubuti ya kulinda taarifa na makundi yaliyo hatarini kuachwa nje, na Oktoba 2021 ikabatilisha utoaji wa kadi zake kwa kuwa tathmini ya madhara haikufanywa kwanza. Mpango mwingine wa namna hiyo, Maisha Namba, ulifuata mwaka 2023. Katikati ya mivutano hiyo, Novemba 2019, ilipitishwa Sheria ya Ulinzi wa Data, ambayo inampa mtu haki ya kusahihishiwa taarifa zake zenye makosa. 

Februari 2025, akiwa ziarani Kaskazini Mashariki, Rais William Ruto alitia saini tamko la kuondoa msasa wa ziada kwa waombaji wa vitambulisho katika kaunti za mipakani, ili wahudumiwe kama Wakenya wengine. Tamko hilo lilihusu mlango wa mbele, yaani maombi mapya. Mkenya ambaye alama za vidole vyake zimo katika orodha ya wakimbizi hulazimika kwanza kuomba aondolewe humo, na ombi hilo likikubaliwa ndipo faili yake ya kitambulisho hufunguliwa.